Zimwi Lililopanga Foleni ya Mashine

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mimi nimeishia darasa la nne, na sipendi mtu anisahihishe nikiwa katikati ya maneno. Ukiona nimekosea, meza, endelea mbele.

Juzi hapa kwangu Likunja, Ruangwa, niliwakuta wajukuu wamejazana kwenye simu moja kama kuku kwenye pumba, wanatazama katuni za Kijapani. Nikawaambia wanisogezee nami nione. Kuna zimwi lenye pembe mbili na meno kama ya ngiri, limeshindwa vita huko kwao porini, sasa linaishi mjini kwenye chumba cha kupanga. Limepata kazi kwa dobi. Linaogopa povu la sabuni, kucha zake zinachana mashuka ya watu, na bosi wake ni mama mmoja mfupi kama kinu, analisema mpaka linajificha nyuma ya pasi. Wajukuu walikuwa hoi kwa kicheko.

Mmoja akaniambia, "Bibi, hawa Wajapani noma. Nani angewaza zimwi lifue nguo?"

Nikamwambia, "Mimi. Mama yako hajazaliwa."

Wakacheka tena, safari hii wananicheka mimi. Kabla sijawajibu, mkwe wangu, mama yao, akatoka ndani anauliza chaja yake iko wapi. Haikuonekana. Pale mkekani alikuwepo pia binti wa wale wafugaji waliohamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa. Huja kuangalia katuni na wenzake kwa sababu kwao hawajapata umeme. Mkwe wangu akamwangalia yule mtoto toka kichwani hadi miguuni, akasema bila kupunguza sauti, "Tangu hawa watu waje, kitu hakikai."

Mtoto akasimama, akavaa kandambili zake, akaondoka. Hakulia. Mtoto asiyelia namfahamu sana, maana nilikuwa mimi.

Mimi nimelelewa Chiola, upande wa Nachingwea, na bibi yangu mzaa mama. Msimu wa korosho kijiji kizima kilinuka mabibo. Yanaiva, yanadondoka, yanaoza, nzi wanalewa, na ukila ovyo maji yake yanatia doa kwenye nguo ambalo halitoki mpaka nguo ife. Asubuhi tunakula ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, na chai ya rangi, kisha kila mtoto na kazi yake. Kazi yangu ilikuwa kwa jirani, mke wa mwenye mashine ya kusaga. Mumewe alikuwa na mikorosho mingi, na korosho zao zilianikwa uani juu ya mikeka. Mimi nazigeuza kwa mikono, upande huu ukipata jua, na ule upate. Ukifanya hivyo wiki mbili tatu, unajua kila mkeka umebeba kiasi gani kama unavyojua sufuria ya kwenu.

Nikaona mikeka inapungua. Na siku moja natoka kuokota kuni, nikapita nyuma ya jiko la jirani, nikaona kinachoipunguza. Mke wa mwenye mashine anamuuzia mchuuzi wa baiskeli korosho za mumewe, anapima kwa bakuli la bati lenye maua ya bluu, lililobanduka rangi ukingoni. Mdomo ameuziba kwa pindo la kanga, kana kwamba korosho zitamtambua. Aliniona, nami nilimwona.

Jioni ile ile mumewe alipouliza kulikoni, mke akanyoosha kidole. "Muulize huyu anayezigeuza. Mie mwenzenu sina makuu." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kila siku, hata akikunyang'anya kitu hana makuu.

Sasa muelewe jambo moja, nyie wa siku hizi. Mwaka ule ulikuwa mwaka wetu wa unyago. Wenzangu wote wa rika langu walikuwa wanaingia, pamoja na binti wa huyo jirani. Ukiachwa nyuma, umeachwa kweli. Huna wa kuchota naye maji, na ukipita wenzako wananyamaza kwa sababu wanajua mambo ambayo wewe hujaambiwa. Mke wa mwenye mashine akaenda kwa nyakanga, yule mama mkubwa wa unyago, akasema binti yake hataingia na mwizi. Nyakanga akaniondoa kwenye hesabu. Bibi yangu alikuwa ameshaninunulia kanga mpya, akaikunja, akairudisha sandukuni mbele ya macho yangu.

Nilimweleza bibi nilichokiona. Alikuwa anachambua kisamvu, hakuinua kichwa. Akasema, "Nakuamini. Lakini ukimtaja mtu mzima utachapwa, na mimi nitafuata." Akaendelea na kisamvu chake, kisha akasema, "Hadithini lakini hakuna jina la mtu."

Sikupewa silaha nyingine, na nilitosheka.

Kwetu hadithi haikusimuliwa mchana. Walituambia ukisimulia jua likiwaka utaota mkia. Mimi nikaamua niote tu. Kesho yake nikaenda mashine na kindoo changu cha muhogo mkavu. Foleni ndefu, na mashine imezimwa ipoe, maana ilikuwa inachemka kama mtu mwenye homa. Watoto wamekaa juu ya mizigo, akina mama wamechoka. Nikaanza, "Paukwa." Watoto wakaruka. Mchana? Nikarudia, "Paukwa." Mmoja akajibu kwa kunong'ona, "Pakawa," huku anajishika nyuma.

Nikawapa zimwi langu. Limetoka porini kwa sababu watu wa siku zile tulikuwa wembamba, hatushibishi. Likahamia kijijini, likapanga chumba. Likanunua kandambili, hazikuenea, likafunga mbili mbili kila mguu. Likapangiwa zamu ya kufagia zahanati, ufagio ukapotelea kwenye kiganja. Kengele ya baiskeli ikilia linapanda juu ya paa. Likija mashine linapanga foleni kama watu, likisukumwa linaomba radhi. Watoto walicheka mpaka unga ukamwagika. Akina mama nao wakasogea.

Kila siku nikaongeza. Zimwi likaolewa. Siku ya pili likaanza kuburuza ndala ya kushoto likitembea, na mtu fulani kijijini alikuwa anaburuza hivyo hivyo. Siku ya tatu likaanza kusema halina makuu. Akina mama wakaanza kutazamana, mmoja akajifunika kanga usoni mabega yakimcheza. Siku ya nne zimwi likaenda nyuma ya jiko na bakuli lenye maua ya bluu, lililobanduka ukingoni, na mchuuzi akiwa ameegemeza baiskeli kwenye banda la bata.

Watoto wakaichukua hadithi wakaifanya mchezo. Kila njia unakutana na kazimwi kanaburuza mguu, kameziba mdomo, kamebeba kifuu cha nazi, kanasema, "Mie mwenzenu sina makuu."

Siku ya tano mke wa mwenye mashine akaja mwenyewe mashineni. Kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Mumewe alikuwa anaifuta mashine kwa tambara, na masikio yake yalikuwa yameshakufa nusu kwa ule mngurumo.

"Yuko wapi huyo mwana asiye na adabu?" akasema. "Ananitukana kijiji kizima."

Bibi yangu alikuwa foleni, amekaa juu ya gunia. Akamuuliza taratibu, "Kakutukanaje, jirani?"

"Kaniita zimwi."

"Kakutaja jina?"

"Hajanitaja, lakini kila mtu anajua. Bakuli lile ni langu."

"Bakuli gani?"

"La maua ya bluu. Na hilo banda la bata ni la kwangu, kijiji hiki nani mwingine anafuga bata?"

Hapo akauziba mdomo kwa kiganja. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Mumewe akaweka tambara chini. "Kasemaje?"

Akamgeukia bibi yangu. "Mama, masikio yangu mabovu. Kasema bakuli?"

Bibi akapaza sauti, "Mjukuu wangu kasimulia zimwi lililokuwa linauza korosho kwa bakuli nyuma ya jiko. Na mkeo anasema bakuli ni la kwake. Mimi nashangaa, maana nilidhani ni hadithi ya watoto."

Mwanamke mmoja akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akakaa chini kabisa. Mume hakucheka. Alikwenda nyumbani, akarudi na lile bakuli, akaliweka juu ya mzani wa mashine, mbele ya watu wote, likakaa pale mpaka jioni.

Nyakanga alipoambiwa, akanirudisha. Na akatoa hukumu yake. Siku ya kutoka, kwetu mwali hakanyagi chini, hubebwa mabegani mpaka kwao, kwa ngoma na vigelegele. Mimi ningebebwa na mke wa mwenye mashine.

Alinibeba. Kanga mpya, shanga shingoni, mafuta usoni, na yeye chini yangu anahema. Njia ilikuwa ndefu, ya mchanga, jua kali, na wenye kuimba wakipunguza mwendo makusudi. Nami nilijitia uzito. Nilijiachia kama gunia lililonyeshewa. Kila alipotaka kupumzika nilimwambia sikioni, polepole, "Huna makuu, twende."

Sijawahi kutembea njia nzuri kama ile.

Uzeeni aliniletea ujumbe nimsamehe. Nikajibu nimepokea ujumbe. Alipofariki nilitoka huku Ruangwa nikaenda kuzika, nikala wali wa msiba, nikarudi. Watu husema mzee awe na moyo laini. Wangu ulikauka na zile korosho, na sioni hasara yake.

Mashine ile sasa ni vyuma vilivyoota majani. Foleni hakuna, unga unanunuliwa umefungwa. Bibi yangu yuko udongoni Chiola, na siku hizi mwali anarudishwa kwao kwa bodaboda. Zimwi la Wajapani linachekesha, sikatai. Lakini halimjui mtu hapa Likunja. Linaweza kufua mashuka mwaka mzima, mwizi wa kijiji hiki akalala usingizi. La kwangu lilikuwa linajua nani anaburuza ndala.

Chaja ilionekana jioni ile ile. Ilikuwa ndani ya pochi ya mkwe wangu mwenyewe, chini ya kitambaa, na mwenye kuitoa ni yeye. Akacheka kidogo, akasema, "Basi, yaishe." Nikawaita wote wakae, yeye mbele. Nikawasimulia haya niliyowaandikia nyinyi, tangu mikeka mpaka mabegani. Hakuna aliyeshika simu. Nilipomaliza nikamwambia:

"Kesho asubuhi utakwenda kwa wafugaji kwa miguu yako. Utamwomba radhi yule mtoto mbele ya mama yake, kisha utamleta hapa mabegani, kandambili zake umezishika mkononi. Na ukishamwinua, mwambie bibi kasema ajitie uzito."