Jiko Lisilofuka Moshi

Tulipojenga nyumba yetu mjini DeSoto, mume wangu alikubali kila nilichotaka isipokuwa jiko la kuni la sebuleni. "Texas hii ya joto, kuni za nini?" Nilimkumbusha majira yale ya baridi umeme ulipokatika tukalala na makoti. Akachukua funguo za gari, tukaenda dukani.

Muuzaji alituuliza nyumba ikoje. Nikamwambia imezibwa kila ufa ili tusipoteze umeme bure. Basi akatupitisha kwenye majiko mazuri ya wazi bila hata kusimama, akatuonyesha moja dogo lenye mlango wa kioo, linalovuta hewa yake kutoka nje kwa bomba, maana katika nyumba iliyozibwa moto wa wazi hukosa hewa.

"Hili linachoma kuni kwa usafi kabisa," alisema. "Hata jirani yako hatauona moshi."

Alidhani hiyo ni sifa. Kwetu Nyandarua, mama alikuwa akiamka, hata kabla ya kunawa uso, anatazama paa la jikoni kwa jirani. Moshi ukifuka, jirani ameamka salama. Usipofuka mpaka jua likapanda, mama alijifunga leso akaenda kubisha hodi.

Tulinunua hilo hilo, maana nyumba yenyewe haikuruhusu jingine. Asubuhi ya kwanza ya baridi nililiwasha, na kuni ziliposhika vizuri nikatoka uani na chai yangu kutazama bomba la moshi juu ya paa. Muuzaji hakudanganya. Nikatazama na mapaa ya majirani. Yote yalikuwa safi, nami sikujua nianzie mlango upi kubisha hodi.