Siku Bi Kaza Alipolegeza

Wakereza vyuma wako wa aina mbili: wale wanaosema "itakaa tu", na Bi Kaza. Kwa miaka ishirini na sita alisimama kwenye mashine yake katika karakana ya bati, miwani imefungwa kwa waya, na hakuna kazi iliyotoka pale ikitikisika. Jina alipewa na bushi. Bushi, kwa asiyeijua, ni pete nene ya shaba ambamo shafti, ule mhimili wa chuma, huzunguka, na baina yao hupita mafuta. Bushi ya Bi Kaza ilikaba hadi shafti ikiingia ilitoa pumzi, "fyuu", kama mtu anayejaribu suruali aliyooa nayo.

Basi mwaka huo bushi mbili zikaungua, moja baada ya nyingine, kwenye mashine ileile ya kupasua mbao. Ya pili ilitolewa nyeusi kama chungu.

"Mama, mimi nakuheshimu," alisema mwenye mbao, na anayeanza hivyo ana lake moyoni. "Ila ya tatu ikiungua, naagiza za kiwandani. Na watu wataniuliza kwa nini."

"Waambie," alijibu Bi Kaza. Yule alipoondoka, aliwasha mashine bila chuma chochote juu yake, ili tu karakana isisikie kimya chake.

Binti wa mdogo wake alikuwapo siku hiyo, yuko likizo kutoka chuo cha ufundi, amekaa juu ya debe na kompyuta mapajani. Alimuuliza mwenye mbao swali moja tu kwa simu: umebadilisha nini? Puli, akasema yule, gurudumu la kuvutia mkanda. Kaweka kubwa kwenye mota, msumeno ukimbie zaidi. Binti akaandika, akahesabu, kisha akasema jambo ambalo halijawahi kusemwa chini ya bati lile.

"Mama mkubwa, umekaba mno."

Bi Kaza alivua miwani. "Rudia, maana nimesikia kama tusi."

"Kwa mwendo wa zamani ilikuwa sawa. Sasa shafti inakimbia, mafuta yamebanwa, yanachemka, yanakuwa kama maji. Yakikatika, chuma kinalamba shaba. Uliacha nafasi kiasi gani kati yao?"

"Sehemu tatu za mia za milimita. Na hizo tatu niliona ni nyingi."

"Zinatakiwa kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Hiyo si bushi, mwanangu, hiyo ni ndoo."

Binti alisogea karibu. Alifungua daftari la hesabu, la miraba, akasema karatasi hii ni bushi imekunjuliwa. Kila mraba una namba: msukumo wa mafuta mahali pale. Kila mraba unawauliza majirani zake wanne, "Nyinyi mna kiasi gani?" kisha unabadilisha namba yake kufuatana na majibu yao na unene wa mafuta pale. Ukimaliza ukurasa, unaanza tena, hadi namba zigome kubadilika.

"Huo ni umbea," alisema Bi Kaza.

"Ni umbea, ila huu unafika mwisho."

Bi Kaza alicheka bila kupenda. Kisha akashika penseli, akaijaza mistari miwili mwenyewe, polepole, akinong'ona namba. Msukumo ukapanda mraba kwa mraba, ukafika kilele, ukaporomoka. Pale pembeni kidogo ya chini, kama mshale wa saa uliopita sita ukienda saba, binti alikuwa amepaka kivuli. "Hapa mafuta ni membamba kuliko kote. Ikilika, italika hapa."

Bi Kaza alikigusa kivuli kile kwa ncha ya penseli. "Na umehesabu kwa mafuta gani?"

"Yaliyoandikwa kwenye kopo."

"Heee! Wewe unaamini kopo?"

Sasa zamu ilikuwa yake. Alichukua mkebe wenye tundu chini, akapasha moto mafuta mapya, akayaacha yachuruzike, binti akihesabu: sekunde arobaini. Kisha yale ya mwenye mbao, yaliyoletwa kwa chupa, kwa moto uleule: ishirini na sita. Mepesi mno: jamaa alikuwa akiyachanganya na yaliyokwisha tumika. Binti alitazama mkebe, akatazama kompyuta, akaona aibu kidogo, halafu akahesabu upya. Mafuta mepesi hutaka nafasi ndogo, jibu likashuka: tisa.

"Tisa," alisema Bi Kaza. "Na yeye anunue mafuta ya maana."

Aliichonga bushi ya tatu kwa mikono miwili, ameuma meno. Shafti ilipoingia haikusema neno. Mwenye mbao aliitikisa, ikagonga gongo-gongo, akamtazama kama anayetazama daktari mlevi.

"Inacheza, mama."

"Funga," alisema Bi Kaza.

Wiki ya kwanza alipita mtaa ule mara tatu, eti ananunua sukari, huku anasikiliza msumeno. Sukari ikajaa nyumbani. Wiki ya nane waliifungua mashine. Wapasua mbao wote wakasogea, maana watu hupenda kuona mkubwa akianguka. Bi Kaza aliifuta bushi kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga. Shaba ilikuwa safi, na mistari ya kisu chake bado ikionekana, ila pembeni kidogo ya chini, kuelekea saba, palikuwa na kiraka cha kung'aa, upana wa kidole gumba. Alipima. Kulika kwake hakukufika hata sehemu moja ya mia ya milimita.

"Nani kakupa vipimo hivi?" aliuliza mwenye mbao.

Bi Kaza alimshika binti bega kwa mkono wenye mafuta, bila kujali blauzi yake nyeupe, akamsogeza mbele ya watu.

"Mwanangu huyu. Mwenye swali amuulize yeye, mimi nina kazi."