Hesabu ya Milango

Kaswera, mshonaji wa sare za shule, alikuwa mjane mwenye chumba kimoja na milango miwili. Mmoja ulielekea uani. Wa pili, alioutoboa baadaye, ulielekea barabarani, na wateja wote waliingilia huo.

Barabara hiyo ya mlimani, hapa Butembo, Kongo, hugeuka tope kila mvua inyeshapo. Kamati ya mtaa ikaamua kuitengeneza kwa mchango, kila nyumba sawa. Phinées, mwenyekiti, alipita kuhesabu nyumba siku ambayo watu wengi walikuwa mashambani. Kwa kuwa hakupata wa kumuuliza, alihesabu milango. Hivyo Kaswera akaandikiwa mara mbili. Hippolyte, ambaye malori yake mawili huleta mchele kutoka Beni, akaandikiwa mara moja, kwa sababu ukuta wake mrefu una lango moja.

Kaswera hakuweza kulipa mara mbili. Ama auzibe mlango wa wateja, ama aizuie hesabu ile. Jumapili, baada ya misa, alisimama mbele ya mkutano.

"Président, miye niko mutu moja. Mulango moja nalalia, ingine nashonea. Ni mulango gani iliharibu barabara?"

Watu wakacheka.

"Mama Kaswera, tungehesabu nini sasa?" akauliza Phinées.

"Magurudumu. Mwenye gurudumu alipe. Mwenye miguu tu alete jembe."

"Na ile mashine yako ya kushona?" Hippolyte akadakia. "Haina gurudumu?"

"Iko nalo, Papa. Mais tangu niinunue, haijatoka inje hata siku moja!"

Kicheko kilipotulia, Hippolyte alisema kwa uzito zaidi: "Mukinilipisha kwa magurudumu, nitapandisha bei ya kubeba. Muchele itapanda. Donc utalipa tu, Mama."

Kaswera aliona kuwa neno hilo lilikuwa la kweli.

"Ni sawa. Nitalipa kadiri ninakula. Hiyo naiweza, sababu nakulaka kidogo. Mwenye kula sana atalipa sana."

Mikono iliinuliwa, na magurudumu yakashinda. Haki hiyo haikuwa ya bure kwake: kazi ya jembe ilipangwa Jumamosi, siku ambayo wazazi huja kuchukua sare. Aliwaomba waje Ijumaa. Wawili walikasirika na kwenda kwa mshonaji mwingine.

Jumamosi Kaswera alikuwa ndani ya mtaro, tope hadi magotini, lori la Hippolyte lilipofika na mawe ya barabara. Phinées aliinama akahesabu magurudumu yote, moja baada ya jingine, na safari hii Hippolyte mwenyewe akiwepo.

"Na hili la akiba, hapa chini ya lori?" akauliza Hippolyte kwa wasiwasi. "Hata hili munahesabu?"

Phinées alimgeukia Kaswera.

"Lile linalala," Kaswera akajibu kutoka mtaroni. "Muliache lilale. Siku litashuka, tutalihesabu."