Kipande cha Shangazi

Kazini walimwita Mkasi, na hata alipopanda jukwaani kupokea tuzo ya uhariri bora wa filamu, kuna mtu huko nyuma aliyepaza sauti, "Mkasi huyo!" Watu wakacheka. Yeye macho yake yalikuwa kwenye kiti kimoja cha mstari wa mbele, alichomwekea shangazi yake. Kilikuwa kitupu.

Shangazi ndiye aliyemlea na kumsomesha. Alipoambiwa binti kapata kazi ya kukata filamu, hakuuliza mshahara. Aliuliza kama atapewa kiti kizuri, maana mgongo ukishaharibika ndiyo basi. Na mdomo alikuwa nao, weee! Ukimsalimia asubuhi, mpaka amalize kukujibu chai yako imeshapoa.

Zama zile filamu ilikuwa mkanda wa kushika mkononi. Chumba cha Mkasi kilikuwa chembamba, kinanuka gundi, na vipande alivyovikata alivitundika kwenye misumari juu ya kapu la kitambaa. Anavaa glavu zake nyeupe, anazungusha mashine, anasimamisha, anakata, anaunganisha. Akitaka kujua kimya cha mwigizaji kidumu kiasi gani, alibana pumzi yake mwenyewe. Ikimwishia, anakata.

Basi walipokuwa wakipiga picha za ile filamu iliyokuja kumpa tuzo, mwongozaji akakosa mama wa kusimama mbele ya duka. Mkasi akamleta shangazi. Kazi yake ilikuwa kumwambia msichana mwenye njaa, "Duka limefungwa, mwanangu," aishie hapo. Shangazi akayasema hayo, kisha akaeleza mwenye duka kaenda kwa mkwewe, na kwa nini mkwe mwenyewe hafai. Mafundi walicheka mpaka kamera ikatikisika.

Kile kicheko ndicho kilichomponza. Msichana alitakiwa abaki peke yake mbele ya mlango uliofungwa, mtazamaji aumie naye. Kwa shangazi yule, nani angeumia? Mwongozaji alisema aachwe, shangazi ni shangazi. Mkasi akajaribu kumfupisha, wapi, hafupishiki. Mwisho akamkata mzima mzima, akamtundika msumarini, na asipate moyo wa kumwambia.

Siku ya onyesho la kwanza shangazi akaja na majirani wa mtaa mzima, na gauni jipya kashonesha. Duka lilipotokea alisimama.

"Tulieni, sasa naingia mimi."

Msichana akalia peke yake mlangoni, picha ikahama, shangazi bado kasimama. Jirani akamvuta gauni akae.

Toka siku ile shikamoo ya Mkasi ilijibiwa "marahaba" kavu, na mazungumzo yakawa yameisha. Mwanamke wa maneno vile! Kimya chake kilimuuma Mkasi kuliko kama angetukanwa. Tuzo ilipokuja akaiweka juu ya kabati, wala hakuuona utamu wake.

Ikabidi ajikaze. Akamfuata nyumbani, akambembeleza, akaja naye kazini, akamkalisha kwenye kiti chake kizuri cha kukatia filamu. Akakitungua kipande msumarini, akakipachika kwenye mashine na mkanda wake wa sauti. Akamwonyesha kwanza msichana akiwa na shangazi, halafu msichana akiwa peke yake. Shangazi alitazama yote mikono mapajani.

"Huyu mama anaongea sana," akasema mwishowe. "Hata mimi ningemkata."

Mkasi akaangua kilio, akaanza kuomba radhi. Shangazi akampangusa machozi kwa ncha ya khanga yake.

"Ungeniambia tu, mwanangu. Ningevaa gauni la zamani. Haya, rudisha nijione tena."

Leo shangazi hayupo. Mashine zile zimeuzwa vyuma chakavu, filamu zinakatwa kwenye kompyuta, na Mkasi mwenyewe kastaafu. Tuzo inazuia mlango wa sebuleni usijibamize. Mkanda wa sauti ulipotea walipohama jengo, ila kipande cha picha anacho. Akimkumbuka sana hukishika dirishani, mwanga ukapita, na shangazi akatokea, mdogo kama ukucha, mdomo wazi, yuko katikati ya maneno. Mkasi hubana pumzi, akamngoja amalize.