Leodgar na Kitabu cha Kifaransa

Leodgar alishona pembeni yangu pale Mwandiga kwa miaka mingi, yeye na cherehani yake, mimi na chupa zangu za mawese, baraza moja. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mvulana wa shule ya misheni aliyeshikwa mkono na mama yake. Akakulia hapa, akaoa hapa, na mke wake Frida ni Muha wa hapahapa. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza habari za kwao Burundi, ghafla alikuwa na sindano ya kutafuta.

Mwaka ninaousimulia, malori ya wakimbizi wanaorudishwa yalikuwa yakipita kwetu kuelekea Manyovu, mpakani. Waliokuwa wakiondoka waliuza wasichoweza kubeba: mablanketi, masufuria, vitabu. Makambini watoto walisomeshwa kwa Kifaransa, ili wakifika kwao wasianze upya. Basi watu wa Mwandiga wakajiwekea kanuni yao: Mrundi akinunua kitabu cha Kifaransa, huyo anafunga mizigo. Nani aliwaambia, sijui, lakini waliishika kama amri ya serikali.

Ng'ambo ya barabara, Anatoli alikuwa akiuza vitabu vya mitumba juu ya turubai. Asubuhi moja Leodgar akaiacha suruali ya mtu kwenye sindano akavuka. Alikuwa amekiona kitabu alichosoma utotoni, kile cha msichana anayeshuka mji wa chini ya maji kumtafuta kaka yake. Hadithi ya zamani, hata mimi nilisomewa shuleni. Anatoli alikuwa nacho cha aina mbili. Cha Kifaransa kilikuwa kikubwa, jalada gumu, picha za rangi. Cha Kiswahili kilikuwa toleo jipya, chembamba, hakina picha hata moja.

"Chukua cha Kiswahili, mzee," Anatoli alimwambia. "Hicho kingine utasoma na nani?"

Leodgar alisimama pale mpaka nikaudhika, maana wateja wake walikuwa wananisumbua mimi. Alikifungua cha Kifaransa, akakifunga, akakifungua tena. Mwishowe akalipia hicho.

Jua halijazama, Mwandiga nzima ilikuwa inajua. Wa kwanza kuja alikuwa Eufrasia, eti amebadili mawazo, apewe kitenge chake ambacho hata mkasi ulikuwa haujakigusa. Wengine wakafuata, kila mmoja na kisingizio chake. Hakuna aliyemwambia Leodgar sababu. Waungwana sana hao. Mimi ulimi uliniwasha nikawauliza kama wamewahi kuona mtu akihamia Burundi na nusu ya blauzi, wakanuna.

Kesho yake mchana Frida alileta ugali na samaki wa migebuka, akakuta rafu tupu. Akakaa kwenye benchi la wateja. Kitabu kilikuwa chini ya cherehani, na alikiona.

"Baba Dainess, unaondoka?" alimwuliza mumewe.

"Oya, siondoki. Niende wapi?"

"Watu wote hawa wamechukua vitambaa vyao. Wote wamekosea?"

"Wote."

"Kama ni hadithi tu, basi nisomee."

Leodgar akajifuta mikono, akafungua, akasoma. Alisoma vizuri, sauti imenyooka, hata mimi nikamnyamazisha mteja wangu. Frida akamwuliza wamesema nini hapo. Leodgar akarudia kusoma palepale. Frida akauliza tena.

"Sijui," alisema. "Herufi nazijua. Maana imeniponyoka. Jana kwa Anatoli nilikuwa natafuta ukurasa mmoja tu ninaouelewa. Nikasema nikitulia nyumbani, Kifaransa kitarudi. Hakijarudi." Akakifunga. "Mama alikuwa akiniambia tukirudi nitaendelea na shule pale nilipoishia. Hakuna tena pale nilipoishia, Frida."

Nilimwonea huruma mpaka nikakosa pa kutazama. Frida alifunika chakula, akachukua kitabu, akavuka barabara. Nilimsikia akivutana na Anatoli, aliyedai hana desturi ya kubadilisha mali iliyokwisha kuuzwa. Alirudi na cha Kiswahili.

Frida aliishia darasa la nne. Alisoma akifuata mistari kwa kidole, neno moja, kisha jingine, msichana akiaga kwao, msichana akikanyaga maji. Kwenye ukurasa wa pili Leodgar aliinamia meza ya cherehani akalia, mtu mzima, mchana kweupe, watu wakipita. Frida hakumwambia anyamaze. Alipunguza mwendo tu wa kusoma, ili asipitwe na neno.