Kichwa cha Kukhu

Chumba cha sanaa cha shule yetu pale Kitale kiliwahi kuwa ghala la mahindi, na harufu ya wishwa haikuwahi kuhama. Ukifungua mlango asubuhi ilikupokea pamoja na ile ya udongo mbichi uliofunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na mpaka leo nikizisikia harufu hizo mbili kwa pamoja, mikono huanza kuniwasha. Nilikuwa kidato cha pili, msichana wa maneno mengi na alama chache, na sanaa ndiyo somo pekee nililoweza kujivunia. Muhula ule Mwalimu Barasa alitupa kazi moja tu: kila mtu afinyange kichwa cha mtu anayemjua, bila kutazama picha. Wenzangu wakakimbilia wachezaji mashuhuri wa kandanda, kana kwamba walikunywa nao chai kila siku. Mimi nikamchagua nyanya yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Kukhu.

Kukhu aliishi Kamukuywa, upande wa Bungoma, na maisha yake yote alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Mfinyanzi hulia gaeni, na kweli jikoni kwake hakukuwa na chungu kisicho na ufa. Vizima vilikwenda sokoni. Katikati ya muhula nilikwenda kumwomba udongo, kwa maana wa shuleni ulijaa changarawe. Alinipeleka mwenyewe kando ya mto, akachimba, akautoa mawe, akaukanda kwa kisigino mpaka ukawa laini kama ugali wa wimbi. Alidhani nataka kutengeneza chungu, nami sikumsahihisha. Siku mbili nzima nilimkodolea macho: mikunjo ya mdomo, shavu lililobonyea palipong'oka meno, sikio la kushoto lililokaa chini kidogo kuliko la kulia. "We Nasimiyu, mbona unaniangalia kama ng'ombe ya mnada?" akaniuliza. Nikacheka tu, na kosa langu lilianzia hapo.

Kichwa kilipokamilika, mwalimu aliniambia lazima kiwe tupu ndani, la sivyo kingelipuka kwenye tanuri. Nikakata utosi kwa waya, nikaanza kukomba kwa kijiko. Ndipo shangazi yangu Nafula, binti wa Kukhu, aliyeuza mitumba pale mjini, alipoingia kuniletea sweta. Akamwona mama yake juu ya meza, utosi umefunuliwa, nami nimeshika kijiko. Mayowe aliyopiga yaliwatoa walimu ofisini. Watu wa rika lake kule kwetu walijua sababu moja tu ya mtu kufinyanga sura ya mwenzake aliye hai, nayo haikuwa mapenzi. "Ati unatoa mama yangu ubongo akiwa hai? Halafu umpeleke kwa moto? Vunja hii kitu sasa hivi!" Mwalimu alijaribu kumweleza habari za alama za muhula, lakini ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa. Mwishowe baba aliamua, kwa simu, kwamba Kukhu mwenyewe aje aseme. Kwa siku nne chakula kilinishinda. Alama nilikuwa nimeshazisahau. Nilichoogopa ni kwamba Kukhu angeamini nilimtakia mabaya, tena kwa udongo aliouchimba kwa mikono yake.

Kukhu alikuja na shangazi Jumamosi, sote tukiwa darasani, amejifunga kitambaa chake cha kwenda kanisani. Alisimama mbele ya kile kichwa, akagusa shavu la udongo, kisha akagusa lake. Baadaye akaanza kukigonga pande zote kwa kidole, kama mtu anayechagua chungu sokoni. "Pua yangu si kubwa hivi," akasema. "Na hapa nyuma ya sikio ni nene. Itapasuka. Leta kijiko." Akaketi, akakipakata kichwa chake mwenyewe mapajani, akaanza kujikomba. Shangazi alijifunika uso kwa leso. "Mama, wacha, tafadhali." Kukhu hakuinua macho. "Nimechoma vyungu maisha yangu yote, Nafula. Kama ni kupasuka, si afadhali nipasuke kwa mkono yangu?" Nililia palepale mbele ya darasa zima, bila haya, kwa sababu nilijua sasa kwamba hakuwahi kunishuku hata kidogo.

Tuliubandika utosi tena, na tanuri lilipofunguliwa, kichwa kilikuwa kizima isipokuwa sikio la kushoto, lililokatika. Shangazi alimpigia mama yake simu kumwuliza kama anasikia. "Nasikia," Kukhu akajibu. "Punguza sauti." Aliishi miaka mingi baada ya hapo, masikio yote mawili yakiwa mahali pake.

Leo Kukhu hayupo. Mimi ni karani mjini Kitale, vidole vyangu vimezoea kibodi kuliko udongo, na simu yangu ina picha za watu nisiowakumbuka hata majina. Za Kukhu ni mbili, na zote amefumba macho. Nikimkumbuka, nakishusha kile kichwa kutoka kabatini, naingiza vidole shingoni na kupapasa alama za kijiko: zangu fupi, za kusitasita, na zake ndefu, zilizonyooka. Nilipanga kumfinyanga tena katika uzee wake, nikawa nasema kesho, kesho. Shangazi Nafula naye sasa ni ajuza, na kila akija kwangu lazima amsalimie mama yake kabla hajaketi. Jumapili iliyopita alisimama pale zaidi ya kawaida, kiganja chake kwenye shavu la udongo. "Nasimiyu," akasema bila kugeuka, "na mimi, unangoja nife kwanza?" Udongo uwahi ungali maji. Jumamosi hii tunakwenda Kamukuywa kuchimba, na shangazi ameapa kwamba atakuja na kijiko chake.