Visu Viwili vya Mkwe

Fundi huyu wa visu alikuwa na miaka thelathini mbele ya moto na sheria moja tu ya kazi, na siku aliyoivunja aliivunja kwa sababu ya haya. Haya ya mkwe, jamani, si mchezo.

Mkwe mwenyewe, mume wa binti yake, alikuwa askari wa misitu, na alikuwa anaingia porini kwa wiki tatu. Fundi akamwekea visu viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa kifupi, kinene mgongoni, cha kupasulia kuni na kuchongea vigingi vya hema. Msuka wake, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ulifika hadi mwisho, na hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kisu cha porini. Sura hakikujaliwa. Cha pili kilikuwa kirefu, chembamba, mpini wa pembe unang'aa, lakini msuka wake haukuzidi kidole gumba. Hicho ni cha kukatia nyama mbele ya wageni.

"Mzee, hiki ndicho kisu!" Mkwe akakumbatia cha pili.

Fundi alipaswa kusema: mwanangu, ukikigongea gogo kitachomoka kikurudie. Badala yake akachekacheka. "Chukua, baba." Mtu mzima hovyo! Kile kifupi akakitupia gunia, asikione.

Siku nne alikaa na picha moja kichwani. Aliuona mkono wa mkwe unavuja damu mahali pasipo na daktari wala barabara. Siku ya tano uzalendo ukamshinda, akaenda kwa binti yake kuungama.

Alimkuta jikoni anakata vitunguu kwa kisu chenye mpini wa pembe.

"Hicho... si aliondoka nacho?"

"Alidhani hivyo," binti alisema, mkono haukusimama. "Nilipokuwa nampangia mkoba niligonga mpini kwa ukucha, kama ulivyonifundisha. Ukalia kama kibuyu. Nikaenda karakanani kwako, nikamchukulia kile kibaya. Gunia lako limefunika sakafu tupu siku zote hizi. Baba, ulipatwa na nini?"

"Haya ya mkwe, mwanangu."

Akakaa kwenye kigoda, akashusha pumzi ya siku tano, akacheka mpaka machozi. Alisingizia vitunguu.

"Mumeo atakuwa amenuna alipofungua huo mkoba."

"Anune tu," binti akasema. "Atanuna na vidole vyake kumi."